Salamu kwa Jenerali wa Baba Dogo

Dandora Phase Two
Jumatatu, 26 Mei 2025

Akech,

Niaje huko ndani? Najua madam wenu wa bweni hufungua barua zote kabla ziwafikie, kwa hivyo wacha nianze na yeye. Madam, hujambo? Mimi ni Ayuma, tumekaa ploti moja na Akech tangu tukiwa na meno ya maziwa. Hapa hakuna mambo ya maboi, ni muziki pekee. Asante, unaweza kufunga.

Sasa Akech, keti. Kama umesimama, keti.

NIMEPEWA SAA MOJA KWA REDIO!

Jirani FM, ile iko juu ya duka la hadiwea, yenye makorongo ya dampo hukalia antena. Jumapili saa tisa mpaka saa kumi. Mimi! Yule msichana hupanga chupa za plastiki kwa kiwanda huko Baba Dogo siku nzima na kofia ya nailoni kwa kichwa!

Ilianza hivi. Kulikuwa na konsati ya bure hapa kwa kiwanja, wasee wanne wa ngoma wametoka Gwadelupe. Usijifanye unaijua, hata mimi sikuwa naijua. Ni kisiwa huko Karibea, watu weusi kama sisi, Kifaransa kwa mdomo. Walikuwa wanakalia ngoma zao kama wamepanda ng'ombe, Akech, halafu mmoja wa kati anaongea kwa ngoma na msichana mwenye anacheza. Msichana anapiga hatua, ngoma inamjibu. Nywele zilinisimama. Baba alikuwa ametoka zamu ya geti kule kiwandani, amesimama nyuma yangu na begi yake ya chakula, akasema, "Hawa ni wa Kakamega gani?" Nikamwambia, "Baba, hao si wa Kakamega, hao wamevuka bahari." Akasema, "Mkono ni wa ngoma ya kwetu Kakamega." Nikamwonyesha ramani kwa simu. Akaenda kulala.

Baadaye nikamfuata yule wa kati, anaitwa Fabris. Kiingereza chake na changu vikakutana katikati. Akanipea flashi imejaa nyimbo: Haiti, Trinidadi, Mali, Kepu Vede, kila kitu. Sijalala vizuri tangu hiyo siku. Nimesoma kwa simu ya Baba mpaka bando ikakata roho. Nikapanda kwa Wanyoike, ndiye meneja pale Jirani, nikamwambia mna nyimbo kumi tu na mnazizungusha kama nguo za duka moja. Akacheka. Akasema, "Haya mjuaji, chukua Jumapili nne."

Lakini iko hivi. Kuna daktari wa mizizi anataka hiyo saa, na yeye ana tangazo lake tayari. Wanyoike anasema kama Jumapili ya nne hakuna wasikilizaji wanapiga simu, saa inaenda kwa mizizi. Na mimi narudi kwa chupa tu, maisha yangu yote.

Niombee. Na uniandikie haraka.

Wako wa hewani,
Ayuma

*

Nyasanda Girls
Ijumaa, 30 Mei 2025

Ayu wangu,

Madam Roseline ameniita ofisini, nikadhani nimekufa. Akanipatia barua yako ikiwa imefunguliwa, akasema, "Mwambie mwenzako nimefunga." Hakucheka, lakini pua ilicheka.

Nimesomea domu nzima hiyo barua nikiwa nimesimama kwa kitanda cha juu. Wakati wa ngoma kumjibu msichana walipiga kelele mpaka matroni akaja na kitambaa kichwani kuuliza ni moto. Sasa kila mtu hapa anajua Gwadelupe iko wapi kuliko anavyojua Pemba.

Redio hatuna. Iko moja tu jikoni, ya mpishi, na inashika Kisumu peke yake. Kwa hivyo utakuwa unanihadithia kila kitu. Sema hata mtu akikohoa.

Kitu kimoja, na usinikasirikie. Usikuwe mjuaji sana hewani. Wewe ndiye ulimrekebisha pasta mbele ya kanisa nzima juu ya mto Yordani unaingia wapi. Ulikuwa sawa. Lakini si unakumbuka hakuna mtu alikula chakula na wewe siku hiyo?

Mitihani ya moki inaanza wiki ijayo. Nikifeli ni wewe.

Akech
Form 4 Mashariki

*

Dandora
Jumatatu, 2 Juni 2025

Akech wangu, wacha nikwambie, NILIWAKA.

Nilifungua na wimbo mmoja wa Haiti, gitaa inaingia polepole kama mtu anafungua mlango wa mchumba. Sijamaliza kusema jina la kipindi, simu ikalia. Unajua ni nani? Jenerali! Jenerali Omolo wa Baba Dogo! Yule mzee wa salamu, anayepigiaga kila kipindi kila stesheni, anataja watu mpaka mtangazaji anaomba maji. Yeye ndiye mwenyekiti wa wapenzi wa salamu kutoka Baba Dogo mpaka mtaa wa Fedha. Akipiga Jenerali, wengine wote wanapiga.

Akaanza: "Hapa ni Jenerali Omolo, nikiwa kwa kiti changu cha kamba nje ya nyumba, natuma salamu zimwendee Mama Odera popote alipo ndani ya nyumba. Mtangazaji, hiyo Lingala umeweka ndiyo tulichezea harusi yetu. Mungu akubariki."

Sasa Akech, unajua vile watu wa huku wako. Wimbo wowote hawaelewi maneno, ni Lingala. Senegali, Lingala. Martiniki, Lingala. Kama paka angeimba, wangesema ni Lingala ya paka. Na mimi ndio nimekuja kubadilisha hiyo kitu, si ndiyo? Nikamwambia, "Asante Mzee, lakini hiyo si Lingala. Lingala ni ya Kongo. Hiyo ni Haiti, wanaimba Krioli, iko kilomita elfu kumi na kitu kutoka Kongo. Kwa hivyo miaka yote mmecheza harusi na kisiwa kingine kabisa!"

Nikacheka. Yeye akasema, "Sawa mwalimu." Akakata.

Jenerali ameniita mwalimu! Hewani! Wanyoike alinitazama hivi, nikadhani ni wivu. Baada ya hapo hakuna mwingine alipiga lakini nadhani walikuwa wanasikiliza tu, wamemeza. Niliwafunza mpaka Trinidadi na jinsi mapipa ya mafuta yanageuzwa kuwa ngoma za kuimba.

Wako mwalimu,
Ayuma

*

Dandora
Jumatatu, 9 Juni 2025

Akech,

Hujajibu. Ni moki, najua.

Jana simu haikulia. Hata moja. Nilikuwa nimejipanga, nimeweka Mali, nimeweka Kepu Vede, yule mama anaimba kama anaongea na mtu ameenda safari. Simu kimya. Nikainua kuangalia kama iko na chaji. Iko.

Ni makorongo. Yalikuwa sita kwa antena, yamejipanga kama wazee wa kanisa. Wanyoike mwenyewe huniambia wakikalia upande wa kushoto Baba Dogo inapotea. Kwa hivyo nikaweka wimbo mrefu, nikapanda juu ya mabati nikiwa na ufagio. Mmoja aliniangalia na hiyo shingo yake ya mzee ana deni, akakataa kutoka. Tukapigana. Watu walisimama chini kwa barabara wakinishangilia. Wimbo ukaisha nikiwa bado juu, hewani ikawa kimya, Wanyoike akapiga kelele na dirisha.

Lakini baada ya kuwafukuza wote bado simu haikulia.

Jumapili ijayo nitapaka antena grisi.

Ayuma

*

Dandora
Jumatatu, 16 Juni 2025

Akech,

Grisi imefanya kazi. Hakuna korongo hata moja. Na hakuna simu hata moja.

Nilikuwa naongea peke yangu kama mhubiri wa stendi. Nikasema namba mara nyingi mpaka nikaanza kuiimba. Baba alikuwa nyumbani na redio, nilipofika nikamuuliza, "Ulisikia?" Akasema, "Nilisikia." Nikamuuliza, "Sasa mbona hukupiga hata wewe?" Akaangalia sahani yake. Akasema, "Ningesema nini? Utaniambia si hivyo."

Sikuelewa hiyo jibu. Nimeizungusha kichwani usiku wote na bado.

Daktari wa mizizi alikuja stesheni leo kupima kiti. Alikalia kiti changu, Akech. Akakizungusha. Akasema kinafaa.

Na wewe umenyamaza pia. Barua tatu. Kama ni vile sasa uko Form Four na mimi napanga chupa, sema tu. Hata hiyo nitaelewa.

Imebaki Jumapili moja.

A.

*

Nyasanda Girls
Jumatano, 18 Juni 2025

Ayuma mwanangu,

Mimi ni Madam Roseline Akinyi, mwalimu wa bweni na wa Kiswahili. Ninakuandikia kwa kalamu nyekundu kwa sababu nyingine imeisha, usidhani ninakusahihisha. Ingawa ninakusahihisha.

Akech hajakunyamazia. Wakati wa mitihani ya majaribio barua zote, za kuingia na za kutoka, hukaa kwenye droo yangu. Ndiyo sheria. Zako tatu zimekaa humo, nami nimezisoma, kwa kuwa kuzisoma pia ni sheria. Leo asubuhi mtihani wa mwisho umekwisha, nikampa Akech zote kwa pamoja. Alilia, kisha akaniuliza kama korongo huuma.

Sasa nisikilize. Si makorongo.

Mimi nimezaliwa Makongeni, kwenye nyumba za reli. Baba yangu alikuwa karani wa reli. Jumapili jioni nyumba yetu yote ilikaa kimya kusubiri kipindi cha salamu. Tulinunua kadi dukani, tukajaza majina, tukatuma kwa posta, kisha tukasubiri majuma kusikia mtangazaji akitutaja. Mimi nilikuwa Malkia wa Makongeni. Na kila niliposalimiwa na watu kumi, mmoja wao alikuwa kijana wa Baba Dogo aliyejiita Koplo Omolo. Nilimsalimu, akanisalimu. Alipopanda cheo akawa Sajini, nilimpongeza. Alipooa, niliwatumia kadi yeye na mkewe. Hatujawahi kuonana hata siku moja. Kisha nikaletwa kufundisha huku mbali, kadi zikatoweka madukani, nikanyamaza.

Kwa hiyo jua jambo hili. Mtu anayetuma salamu haombi kufundishwa. Kazi ya mtangazaji ni kumpokea: umtaje kwa cheo chake, umtaje aliyemsalimu, uwaulizie hali, ndipo uweke wimbo. Jenerali alikufungulia mlango wa harusi yake, nawe ukamwambia amekosea nyumba. Mwenyekiti akinyamaza, chama chote huzima redio. Baba yako naye alikuambia vivyo hivyo juu ya sahani yake, ila wewe ulikuwa unamtafuta korongo.

Haiti ni Haiti, mwanangu. Hujakosea hapo. Ila subiri uulizwe.

Wasichana wamejaza kadi. Nilikuwa na bunda moja la kadi tupu sandukuni tangu Makongeni. Sikujua nilikuwa nimezihifadhia nini. Iliyo juu ni yangu. Usiibadilishe hata neno.

R. Akinyi

Nimesikia redio yenu inapatikana pia mtandaoni. Simu yangu ina uwezo huo. Sisemi zaidi.

*

Dandora
Jumapili, 22 Juni 2025

Akech wangu, Akech wangu, Akech wangu,

Naandika mbio, hata kama huwezi kusoma mwandiko jaribu.

Bahasha ilifika na basi Ijumaa. Nilisoma barua ya Madam nikiwa nimesimama kwa geti ya kiwanda, nikakaa chini na kofia yangu ya nailoni. Ile "Sawa mwalimu." Mimi nikadhani ni sifa! Jioni nilienda kwa Baba nikamwambia, "Baba, niambie hiyo ngoma ya Gwadelupe ni ya Kakamega kivipi." Akaniangalia kama hajanisikia vizuri. Halafu akageuza beseni ya nguo akanipigia. Akech, alipiga mpaka mama wa mlango wa tatu akaanza kucheza na mtoto mgongoni. Na ni ukweli! Ile ngoma ndogo inasumbua kubwa, kubwa inakataa kusumbuliwa. Ni ile ile. Sikuwahi kumuuliza.

Leo. Saa tisa. Daktari wa mizizi amekaa pale nyuma na koti lake, anasubiri nimalize. Sikuweka wimbo. Nilifungua maiki nikasema hivi:

"Hii ni Jirani FM, mimi ni Ayuma binti Patrobas wa Dandora, na leo niko na kadi za salamu. Ya kwanza inatoka kwa Malkia wa Makongeni, sasa akiwa Nyasanda. Anaandika: Salamu zimwendee Koplo, Sajini, na sasa nasikia Jenerali Omolo wa Baba Dogo, zimfikie akiwa na Mama Odera, niliowapongeza siku ya harusi na bado nawapongeza. Mkizipata, mjue nilikuwa mbali, sikuwa nimewasahau. Ujumbe: aliyekukosea ni mtoto, mfungulie mlango."

Nikasema, "Jenerali, huyo mtoto ni mimi. Mama Odera anaendeleaje?"

Nikanyamaza. Wanyoike akanifanyia ishara, weka wimbo, weka wimbo! Sikuweka. Nilihesabu makorongo kwa dirisha.

Simu ikalia.

"Jirani FM, karibu."

"Malkia yuko hai?" Hakusema jina. Hakusema yuko kwa kiti gani. "Nyathina, mtoto wangu, sema tena. Malkia wa Makongeni yuko hai?"

Nikasema, "Yuko hai Jenerali, na ana kalamu nyekundu."

Akacheka, Akech! Kicheko kama lori linawaka asubuhi. Nikasikia nyuma mama anauliza, "Ni nani? Ni yule Malkia wako?" na yeye anamjibu, "Njoo usikie, wacha ugali!" Halafu akarudi na sauti yake ya ujenerali. "Haya mtangazaji. Mama Odera anaendelea vizuri, magoti tu. Weka ile wimbo."

Nikaweka. Ile ya Haiti. Nikaacha icheze mpaka gitaa imalize kuongea. Jenerali, bado kwa laini, akaniuliza, na nilijua ananijaribu, na mtaa wote unasikiliza: "Sasa mwalimu. Hiyo ni ya wapi?"

Nikasema, "Jenerali, hiyo ni ya harusi yako."

Manze! Nilisikia kelele kwanza kwa simu, halafu kwa dirisha. Kwa dirisha! Watu walikuwa wamefungua redio chini kwa hadiwea, kwa kinyozi, kwa mama wa samaki. Laini haikupumzika tena. Muasya wa Fedha, Ndindi wa Kariobangi, mama mmoja anajiita Chui wa Chapati. Kila mtu na watu wake. Nikawasomea kadi za domu yenu, kila moja na cheo chake, kisha wakaanza kuwajibu! Chui wa Chapati amewatumia salamu "wale wasichana wote wa Nyasanda ambao hawajala". Halafu wanataka nyimbo. "Weka Lingala ya mapipa." Nikaweka Trinidadi. "Weka Lingala ya yule mama wa safari." Kumbe kuna wenye walikuwa wanasikiliza tu! Nikaweka Kepu Vede. Na wewe unajua nini? Mara Jenerali akapiga tena, akasema, "Mtangazaji, si ulisema iko ingine inaitwa Krioli? Wafafanulie hawa." Ameniuliza yeye! Nikafafanua. Dakika moja tu, nikafunga mdomo.

Baba alipiga kutoka geti ya kiwanda. Alisema tu, "Hapa ni Patrobas. Weka ya Kakamega." Nikaweka Gwadelupe.

Sasa mwisho. Jenerali aliomba benga, ile gitaa inakimbia kama mbuzi ameona shamba. Ikiwa bado inacheza, simu ya Wanyoike ikapata ujumbe wa sauti. Ni Fabris! Yuko kwao, anatusikiliza na mtandao, kule ni asubuhi. Nikamweka hewani. Na hicho Kiingereza chake alisema, "Ayuma, hii umeweka sasa hivi, mimi naijua. Hii ni ya kwetu. Babu yangu alikuwa anapiga hivi. Ni ya kisiwa gani?"

Stesheni nzima ikanigeukia. Wanyoike ameshika kichwa. Daktari wa mizizi amesimama. Benga, Akech! Benga ya Nyanza! Nilikuwa na jibu tayari, na kilomita na mwaka na kila kitu.

Nikasema, "Fabris, umejua. Babu yako anaendeleaje?"

Wanyoike amechana karatasi ya daktari ya Jumapili mbele yangu. Daktari amepelekwa Jumanne, na hata hajakasirika, aliomba atume salamu kwanza kwa mama yake kule Kitui. Saa ni yangu. Si ya majaribio. YANGU.

Niandikie usiku huu huu.

Ayuma binti Patrobas

*

Nyasanda Girls
Jumapili, 22 Juni 2025

Ayu,

Najua na wewe unaandika sasa hivi. Barua zetu zitapishana njiani, zikisalimiana.

Tulikuwa bwaloni tumeketi na maharagwe. Saa tisa kasoro Madam Roseline aliingia na simu yake, akaiweka mbele ya maiki ya matangazo, akasema, "Atakayekohoa atafua mapazia." Akakaa wima na rejista kwa magoti kama anasimamia mtihani.

Halafu wewe. Sauti yako, Ayu! Kwa bwalo lote! Uliposema "Malkia wa Makongeni" wasichana wote waligeuka. Yeye anaangalia mbele. Uliponyamaza, ukakaa kimya vile, mpishi alishika mwiko hewani, mimi niliuma kola ya shati. Na simu ilipolia kwenu, huku watu mia nne walivuta pumzi.

"Malkia yuko hai?"

Madam aliinua rejista akafunika uso. Tukaona mabega tu. Tukadhani analia, matroni akaanza kwenda kwake. Halafu wimbo wa Haiti ukaingia na tukaona viatu vyake. Ayu, viatu vilikuwa vinacheza! Vile vyeusi vya kisigino kimoja kimeisha! Akatoa rejista, uso umelowa, akasema, "Mnangoja nini? Meza ukutani!"

Tulicheza mpaka maharagwe yakaganda. Mpishi alicheza na sufuria. Chui wa Chapati alipotusalimia tulipiga meza mpaka kengele ikajilia. Na ulipomuuliza Fabris hali ya babu yake badala ya kumrekebisha, nilisimama juu ya benchi nikapiga kelele, "Huyo ni wetu! Ploti moja!"

Moki nimepita, hata hesabu. Nikimaliza mtihani wa mwisho nakuja moja kwa moja hapo juu ya hadiwea. Nitafutie kiti, na ufagio wangu.

Nakutumia salamu, Ayuma binti Patrobas, popote ulipo hewani.

Akech, Simba wa Domu ya Mashariki

Imesomwa na kuruhusiwa. Ayuma: umefaulu. Jumapili nyingine mwambie Jenerali kwamba sauti yake haijazeeka, na kwamba magoti ya Mama Odera yakandwe kwa maji ya moto na chumvi. Nimeagiza redio nyingine ya jikoni. Na ule wimbo wa harusi, hata mimi miaka hiyo nilidhani ni Lingala. R.